Darasa la Majina

Mtu aliyekwenda shule hukumbuka upesi mambo aliyoyapata huko, na huchelewa kukumbuka aliyoyapoteza. Nataka kusimulia habari ya jambo moja nililolipoteza. Lilipotea katika chumba cha kidato cha tatu, mwaka 1998, wakati wa kipindi cha fasihi ya Kiingereza. Na siku lilipopotea nalipigiwa makofi.

Shule ilikuwa ya bweni, katika milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia madirishani kama mgeni asiyepiga hodi. Sitaitaja jina lake, kwa sababu baadhi ya mambo nitakayoyasema si ya sifa. Tulikuwa wanafunzi arobaini na mmoja. Sote tulikuwa tumesoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha tukaingia kidato cha kwanza tukakuta hesabu, jiografia, historia na elimu ya viumbe vimevikwa Kiingereza kwa siku moja. Kufikia kidato cha tatu ulimi ulikuwa umezoea kidogo, lakini moyo ulikuwa bado. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwingine. Makusudi ya kibao yalikuwa kutufundisha kusema Kiingereza. Kwa hakika kilitufundisha kunyamaza, na kupelelezana.

Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa mtu mpole, mwenye koti moja la kijivu na mwandiko mzuri ubaoni. Sina ugomvi naye. Alitufundisha kama alivyofundishwa, naye aliyemfundisha hapana shaka alifundishwa vivyo hivyo. Kabla ya kufungua kitabu chochote alitupa wiki tatu za majina. Alichora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto aliandika jina la mbinu, na upande wa kulia maana yake na mfano mmoja. Tukanakili: simili, metafa, aironi, na mengine mfano wa hayo, yote pamoja thelathini na mawili. Simili ni kulinganisha vitu viwili kwa neno la kufananisha, na mfano wake ulikuwa kitambaa cheupe kama theluji. Hapakuwa na mmoja wetu aliyepata kuiona theluji. Lakini swali halikuwa la theluji. Swali lilikuwa la neno la kufananisha, na hilo tuliliona.

Hapa nataka kuweka jambo ambalo lilinishangaza baadaye tu. Katika kipindi cha Kiswahili, mwalimu mwingine alikuwa akitufundisha tashibiha, sitiari na tashihisi. Vipindi viwili hivi vilifuatana siku ya Jumatano, na kati yake palikuwa na kengele tu. Walakini hakuna aliyetuambia kwamba tashibiha na simili ni kitu kimoja, wala hakuna aliyeuliza. Tulikuwa na madaftari mawili, na katika vichwa vyetu palikuwa na vyumba viwili visivyo na mlango wa kupitia. Nalipata alama nzuri katika vyumba vyote viwili.

Kitabu chenyewe kilikuwa Things Fall Apart cha Chinua Achebe. Kilitolewa London mwaka 1958, na mwaka 1962 kikawa cha kwanza katika mfululizo wa waandishi wa Afrika wa kampuni ya Heinemann, vile vitabu ambavyo watu wa rika langu huvikumbuka kwa jalada la rangi ya machungwa. Shule ilikuwa na nakala sita. Moja ilikuwa imeng'oka kurasa za mwanzo, na waliopangiwa nakala hiyo hawakupata kumwona Okonkwo akimwangusha Amalinze katika mieleka. Walimkuta tayari ana mji, wake na ghala la viazi vikuu, kana kwamba alizaliwa navyo. Kwa kuwa nakala hazikutosha, tulisoma kwa sauti darasani, kila mtu ukurasa mmoja, na wengine wakisikiliza. Kila baada ya ukurasa mwalimu alisimamisha usomaji na kuuliza: hapo mwandishi ametumia mbinu gani? Aliyepata alisifiwa. Tukawa kama watoto wanaookota embe chini ya mti: hakuna anayeutazama mti.

Mimi nalikuwa mwokotaji hodari. Nasema bila kujisifu, maana si sifa. Nalikuwa na sikio la kunasa neno la kufananisha kabla halijamalizika kutamkwa. Nwoye, mtoto wa Okonkwo, aliposikia moyoni kwamba kitu kimelegea ndani yake, na mwandishi akalitolea jambo hilo mfano wa upinde, mimi nalinyosha mkono nikasema: simili. Ikaandikwa ubaoni. Hatukuuliza ni kitu gani kilichomlegea mtoto yule, wala kwa nini mwandishi alichagua upinde katika vitu vyote vya duniani. Lakini hilo lilikuwa baada ya siku ninayotaka kuisimulia, na afadhali nirudi nyuma.

Aliyekaa nami dawati moja alikuwa kijana wa kutoka bondeni, mrefu, mwenye sauti pana. Alikuwa amefiwa na baba akiwa na miaka sita, akalelewa na baba yake mdogo. Kwetu jambo hili halina ajabu: mtoto wa ndugu ni mtoto, na baba mdogo ni baba. Alimwita baba, na kadi ya shule ilikuwa na jina la yule baba. Lakini mara moja au mbili, usiku, alinieleza kwamba katika nyumba ile vipande vya muhogo vilihesabiwa kabla hajaitwa kula. Hakulalamika. Alieleza tu, kama mtu anavyoeleza hali ya hewa ya kwao.

Msomaji aliyekwisha kukisoma kitabu hicho anaijua sura ya saba. Asiyeijua nitamweleza kwa ufupi. Kijana Ikemefuna ametolewa na watu wa Mbaino kuwa fidia ya mwanamke wa Umuofia aliyeuawa katika soko lao. Anawekwa nyumbani kwa Okonkwo mpaka wakubwa waamue la kufanya naye, na huko anakaa miaka mitatu. Anazoea. Anakuwa kama kaka wa Nwoye, anamwita Okonkwo baba. Okonkwo naye anampenda, ingawa anaficha, maana kwake kuonyesha mapenzi ni udhaifu. Siku moja mzee Ezeudu anakuja kumwambia Okonkwo kwamba hukumu imetoka na kijana atauawa. Lakini wewe, asema mzee, usitie mkono wako, kwa sababu mtoto huyu hukuita baba. Kesho yake wanaume wanamchukua kijana, wanamwambia wanamrudisha kwao, wanamtwika mtungi wa tembo. Anatembea katikati yao msituni, akimfikiri mama yake, kama yu hai au amekufa. Na Okonkwo yu pamoja nao.

Zamu ya kusoma ukurasa ule ilimwangukia mwenzangu. Alianza vizuri. Alisoma jinsi kijana anavyotembea, jinsi mmoja wa wanaume anavyosafisha koo nyuma yake, jinsi panga linavyoinuliwa na Okonkwo anavyogeuza uso. Alisoma mtungi ulipovunjika mchangani. Kisha kijana anamkimbilia Okonkwo, akimwita baba. Na hapo mwenzangu alinyamaza.

Darasa lilingoja. Mwalimu alidhani amekwama katika neno gumu, akasema kwa upole, "Endelea." Hakuendelea. Alikuwa ameweka kidole juu ya mstari, na kidole hakisogei. Mimi nalikaa karibu naye hata bega langu lilikuwa likigusa lake, na nalilisikia bega lile limekuwa gumu kama ubao. Mwalimu, ili wakati usipotee, akaligeukia darasa akauliza: sisi wasomaji tunajua kwamba kijana huyu hapelekwi nyumbani, naye hajui, mbinu hiyo inaitwaje?

Nalinyosha mkono. Nikasimama nikasema kwamba ni aironi ya tamthilia, yaani hali ambayo mtazamaji anajua jambo asilolijua mhusika. Nikatoa na maana yake neno kwa neno kama ilivyokuwa katika daftari. Mwalimu akafurahi, akaamuru nipigiwe makofi matatu, nikapigiwa. Mwanafunzi mwingine akapewa kitabu akamaliza ukurasa.

Usiku ule bwenini, taa zilipozimwa, mwenzangu aliniita kwa kunong'ona, kwa Kiswahili, maana kibao hakikuweza kutuona gizani.

"We bwana, ulijua tangu mapema kwamba yule mtoto atauawa?"

"Nilijua," nikasema. "Mzee Ezeudu si alisema? Mwandishi ametudokeza. Hata hiyo nayo ina jina lake."

Akakaa kimya kitambo. "Hata mimi nilisikia aliposema," akasema. "Nilijua wanampeleka kumwua. Lakini nilidhani Okonkwo atamdaka."

Sikuwa na neno. Nalijaribu kutafuta katika yale majina thelathini na mawili jina la mtu anayejua mwisho wa hadithi na huku bado anatumaini, sikulipata, nikalala.

Tangu siku ile hakukishika tena kitabu kile. Tuliposoma sura zilizofuata aliinamisha kichwa juu ya dawati, na zamu yake ilipofika alisema koo linamwuma. Alinakili notisi ubaoni kama sisi wengine: Okonkwo ni jasiri, Okonkwo ni mwenye hofu, kila sifa na mfano wake mmoja. Mwezi wa Januari mwaka 1999 hakurudi shuleni. Tulisikia kwamba baba yake mdogo ameona karo ni nyingi na watoto wake wa kuzaa nao wamefika umri wa kusoma. Anwani yake nalikuwa nayo, imeandikwa nyuma ya daftari la fasihi, chini ya maana ya aironi. Sikumwandikia.

Lazima niseme kweli juu ya faida ya majina yale, maana si haki kula embe kisha kuusingizia mti. Mtihani wa kidato cha nne ulipofika yalinibeba. Maswali tuliyozoezwa yalikuwa ya namna moja: chagua vitabu viwili, toa hoja tatu kutoka kila kimoja. Aliyekuwa na majina alikuwa na hoja. Aliyekuwa na machozi hakuwa na pa kuyaandika. Nikafaulu, nikaendelea, na baada ya miaka mingi nikawa mwalimu wa fasihi ya Kiswahili katika chuo kikuu, mwenye shahada ya udaktari na rafu ya vitabu vya nadharia. Nyumba yangu imejengwa kwa majina, na sithubutu kuyatukana nikiwa ndani yake.

Lakini nalikuwa na imani moja iliyonipeleka katika Kiswahili, na imani hiyo sasa imepungua. Naliamini kwamba kosa la darasa lile lilikuwa la lugha. Nalisema moyoni: lau tungalisoma kwa Kiswahili, lau mbinu zingalikuwa na majina tunayoyaelewa, hapana ambaye angaliokota embe bila kuutazama mti. Kwa hiyo nilipopata darasa langu mwenyewe nalikuja na istilahi zetu kama mtu anayekuja na dawa. Na istilahi hatuna uhaba nazo. Mwaka 2003 K. W. Wamitila alitoa Kamusi ya Fasihi, kitabu kizima cha istilahi na nadharia, na kabla yake wataalamu wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wamekwisha kufanya kazi kubwa.

Maneno mengine katika hayo yana utamu wa pekee. Twaa neno kinaya. Katika elimu ya balagha ya Waarabu ni kutaja jambo kwa kuashiria badala ya kulitamka wazi. Lilipohamia kwetu likapewa kazi ya kutaja hali ambayo maneno au matukio yanakwenda kinyume cha yanavyoonekana. Ni kama mgeni aliyefika akiwa mshonaji akaambiwa kijiji kinataka fundi wa mashua, naye akakubali. Au twaa dhamira. Zamani, na hata leo katika maneno ya wazee, dhamira ni lile lililofichwa ndani ya nafsi ya mtu, analokusudia kweli. Na ndugu yake dhamiri ndiye anayetusuta usiku. Katika fasihi tumelifanya kuwa jambo ambalo mwandishi analishughulikia. Mwanafunzi huniletea karatasi akasema, dhamira za riwaya hii ni tano. Mimi humwambia kwamba mtu mwenye dhamira tano katika jambo moja ni mtu wa kuogopwa. Hucheka, kisha akaongeza ya sita.

Na neno bapa! Mwingereza E. M. Forster, katika kitabu chake cha mwaka 1927 juu ya riwaya, aliwagawa wahusika katika aina mbili: wale wa wazo moja tu, ambao ukimjua leo umemjua daima, na wale wenye pande nyingi ambao huweza kumshangaza msomaji. Sisi tunawaita wahusika bapa na wahusika duara. Nilipoanza kufundisha sikulifikiri neno bapa mpaka mwanafunzi mmoja, mtoto wa mkulima, alipouliza kama ni bapa la panga. Nikasema ndilo. Akasema, basi mhusika bapa hakati. Katika miaka yangu yote ya kusoma sijapata maelezo ya Forster yaliyo bora kuliko hayo, na kijana yule alikuwa hajamsoma Forster.

Siku kama hizo zilinitia moyo. Lakini zilikuwa chache. Siku nyingi wanafunzi wangu walifanya kwa Kiswahili yale yale niliyoyafanya mimi kwa Kiingereza. Waliingia katika riwaya kama karani anayehesabu magunia bandarini: tashibiha saba, sitiari nne, tashihisi mbili, takriri moja. Nalipata kusahihisha karatasi ambayo mwanafunzi alitaja kifo cha mama wa mhusika na kukipa jina la mbinu, akaendelea na hoja ya pili. Jina lilikuwa sahihi. Nikashika kalamu nyekundu nisijue niandike nini pembeni. Mwishowe nikampa alama zake, maana alistahili, nikatoka nje nikasimama kitambo chini ya mwembe. Kosa halikuwa la lugha peke yake. Ingalikuwa rahisi mno lau lingalikuwa la lugha.

Nimelitaja neno kosa, na ndilo lililonirudisha kwa Okonkwo. Mwalimu wetu alikuwa ametuandikia kwamba shujaa wa tanzia huanguka kwa sababu ya ila iliyomo katika tabia yake, na ila ya Okonkwo ni hofu ya kudhaniwa dhaifu. Tulikariri hivyo, na kwa kweli kitabu chenyewe kinaisema hofu hiyo waziwazi. Lakini namna tulivyoielewa, ila ilikuwa kama doa: mtu huzaliwa nalo, hukua nalo, mwishowe humwua. Basi nilipokuwa nikitayarisha tasnifu yangu nalilazimika kusoma juu ya Aristotle na maneno yake kuhusu tanzia. Neno alilolitumia Myunani yule ni hamartia. Nalo linatokana na kitenzi ambacho zamani za Homer kilitumika kwa mtu anayerusha mkuki au mshale usiipate shabaha. Halikuwa doa. Lilikuwa kutupa na kutopata.

Nalikiweka kitabu chini. Neno hilo hatuna haja ya kuliazima kwa mtu: tunalo, tunalitumia kila siku sokoni na jikoni. Kukosa! Mwindaji amemkosa paa. Msafiri amekosa basi. Maskini amekosa chakula. Mtoto amemkosea baba yake. Katika lugha yetu mtu aliyetenda ubaya, na mtu aliyelenga asipate, na mtu asiye na kitu, wote watatu wanakaa chini ya kitenzi kimoja, na hakuna mzaliwa wa lugha hii anayehitaji kuelezwa kwa nini. Lau mwalimu wetu angaliruhusiwa, katika kipindi kile cha Kiingereza, kusema neno hilo moja la Kiswahili, nadhani darasa lote lingalimwona Okonkwo. Maisha yake yote mtu yule alikuwa akilenga mahali pamoja: asiwe kama baba yake Unoka, mpiga filimbi mwenye madeni, aliyekufa bila cheo. Alilenga kwa nguvu zote, usiku na mchana, shambani na vitani. Na siku ile msituni, mtoto alipomkimbilia, alitupa kuelekea pale pale alipozoea kutupa. Panga halikukosa. Yeye ndiye aliyekosa.

Nami siku ile, nilipoulizwa swali, jibu langu lilikuwa sahihi.

Kuna jambo dogo la kuongeza juu ya jina la kitabu, na msomaji atanisamehe nikiwa bado naandama majina. Clement Ndulute alikitafsiri kwa Kiswahili, na tafsiri yake ikatolewa Nairobi mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Jina la Kiingereza lilitoka katika shairi la W. B. Yeats, nalo ni jina la dunia nzima inayobomoka, halimtaji mtu. Jina la Kiswahili linamtaja mtu, tena linampa cheo. Kwa muda mrefu nalilihesabu kuwa ni hasara. Sasa sina hakika. Neno shujaa likiwa juu ya jalada, msomaji hufika sura ya saba nalo mkononi, akalitazama, akajiuliza kama bado analo. Mwenzangu wa dawati hakuwa na tafsiri ile. Shule haikuwa nayo, na pengine ingalimvalisha mtu kibao kwa kuisoma. Lakini alimshika Okonkwo kuwa shujaa kwa akili yake mwenyewe. Ndiyo maana alidhani atamdaka.

Siku hizi nafundisha majina yale yale. Mtihani unayataka, na mimi nayataka pia, kwa kuwa kitu kisicho na jina ni vigumu kukirudia na kukizungumza na wenzako. Lakini nimegeuza mpangilio. Wiki za kwanza tunasoma tu, kwa sauti, nami sichukui chaki. Mtu akinyamaza katikati ya ukurasa, tunangoja. Mara nyingine tunangoja mpaka kengele inalia na nusu ya kazi niliyoipanga haijafanyika, na wakubwa wangu wamepata kuniuliza kwa adabu kwa nini darasa langu liko nyuma ya mengine. Baadhi ya wanafunzi hawapendi. Mmoja aliniandikia mwisho wa muhula kwamba mwalimu ni mzuri lakini hatoi notisi mapema. Ana haki, alikuwa na mtihani, na mimi nalikuwa na deni, na deni langu halikuwa lake.

Mwezi wa Desemba mwaka 2019 nalikuwa nikipita Korogwe, basi likasimama stendi, nikashuka kununua machungwa. Katika kibanda cha vipuri vya pikipiki mtu aliniita kwa jina langu la shuleni, ambalo hakuna anayeniita nalo sasa. Alinitambua kwa sauti, aliponisikia nikipatana bei. Mvi zilikuwa zimemwanza pembeni. Alinivuta nikae juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, akaagiza chai. Tukaulizana habari za watoto. Baba yake mdogo alikuwa amefariki miaka saba nyuma. Alimwuguza yeye, akasema, maana watoto wengine walikuwa mbali. Alisema kwa sauti ile ile ya kueleza hali ya hewa.

Nalijaribu kumwomba radhi kwa siku ile ya makofi. Hakuyakumbuka makofi. "Makofi gani, ndugu yangu?" akasema, akacheka. "Wewe siku zote ulikuwa unapigiwa makofi." Nikaona kwamba nimebeba mzigo ambao mwenyewe hakuujua, na hata huko kuomba radhi nalikuwa nikijitafutia alama nyingine.

Kisha akainamia kikombe chake. "Ila kuna kitu nimetaka siku nyingi kumwuliza mtu aliyekimaliza kile kitabu," akasema. "Yule baba. Baada ya pale, alilala usingizi?"

Nikamwambia lililoandikwa katika sura ya nane: kwamba Okonkwo hakulala; alikunywa tembo tangu asubuhi mpaka usiku, na siku mbili hakuonja chakula.

Alinitazama.

"Siku mbili tu?"

Kabla sijamjibu mteja alifika, akauliza waya wa breki, naye akainuka kwenda kuutafuta.